Shule Isiyo na Mimbari: Kanisa na Elimu ya Vijana katika Nchi ya Nepal



Wengi wetu tulilisikia jina la Nepal kwa mara ya kwanza kwa sababu ya vita vyetu wenyewe. Wanajeshi wa nchi hiyo, waliovaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, walitumwa kulinda amani huko Ituri, na mwaka 2006 baadhi yao walitekwa na wanamgambo. Tulijua tu ya kuwa wametoka mbali, penye milima mirefu kuliko yote duniani. Ni wachache waliouliza ni kitu gani kinachomtoa kijana katika kijiji cha Himalaya na kumleta katika vumbi la Bunia. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba kwao mashamba ni madogo na kazi ni haba. Tangu zamani vijana wa Nepal wamekuwa askari katika majeshi ya wengine, na siku hizi maelfu kwa maelfu huenda kufanya kazi za mikono katika nchi za Ghuba na Malaysia. Fedha wanazotuma nyumbani hufikia karibu robo ya pato la nchi yao.

Historia ya elimu ya vijana hao inagusa moja kwa moja jambo ambalo chama chetu cha walei hulijadili kila mwanzo wa mwaka wa masomo: tumsaidie nani, kwa njia gani, na kwa kusudi gani? Huko Nepal Kanisa liliruhusiwa kufundisha watoto, lakini halikuruhusiwa kuhubiri. Tutazame lilivyoitumia nafasi hiyo nyembamba.

Mlango uliofungwa

Si kweli kwamba Injili ilifika Nepal jana. Tangu mwaka 1715 mapadri Wakapuchini kutoka Italia walikaa katika bonde la Kathmandu, ambalo wakati ule liligawanyika katika falme ndogo. Walitibu wagonjwa, wakajifunza lugha ya wenyeji, wakabatiza watu wachache wa kabila la Wanewari. Mfalme Prithvi Narayan Shah wa Gorkha alipoliteka bonde lote katika miaka ya 1768 na 1769, aliwatilia mashaka wageni hao, akiogopa kwamba nyuma ya padri atakuja mfanyabiashara, na nyuma ya mfanyabiashara atakuja askari. Wakapuchini waliondoka mwaka 1769 pamoja na kikundi kidogo cha wakristo wao, wakahamia Bettiah upande wa India. Kwa muda wa miaka zaidi ya 180 baada ya hapo, nchi hiyo haikuwa tena na nyumba ya mapadri.

Mlango uliofungwa haukufungwa kwa wageni tu. Kuanzia mwaka 1846 utawala ulishikwa na ukoo wa Rana, ambao waliufanya uwaziri mkuu kuwa urithi wa familia na kumwacha mfalme akae kama picha ukutani. Jung Bahadur Rana alitembelea Uingereza na Ufaransa mwaka 1850, akavutiwa na nguvu ya elimu ya Ulaya. Mwaka 1854 akaanzisha shule ya kwanza ya mtindo huo, iitwayo Durbar School. Lakini shule ile ilikuwa ya watoto wa ikulu. Mwana wa mkulima hakuwa na nafasi pale kwa miaka mingi. Chuo cha kwanza, Tri-Chandra, hakikufunguliwa mpaka mwaka 1918. Watawala walifahamu vizuri kwamba mtu anayejua kusoma huanza kuuliza. Kijana aliyetaka masomo ya kweli alivuka mpaka kwenda Banaras, Calcutta au Darjeeling, na ni miongoni mwa vijana hao waliosoma ugenini ndimo ilimozaliwa harakati iliyouangusha utawala wa Rana mwaka 1951.

Hesabu ya watu iliyofanywa kati ya 1952 na 1954 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 waliojua kusoma na kuandika walikuwa takriban 5 tu. Huo ndio urithi ambao ukoo mmoja uliwaachia watu wake baada ya miaka 104 ya kutawala.

Padri aliyekuja kusimamia mtihani

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Patna, huko India, kilimtuma Kathmandu Mjesuiti mmoja Mmarekani, Padri Marshall Moran, kusimamia mitihani ya wanafunzi wa Tri-Chandra. Padri Moran alikuwa ameishi India miaka ishirini na alijulikana kama mwalimu hodari. Wakuu wa Nepal walimwona, wakapendezwa, na mazungumzo yakaanza juu ya kufungua shule. Julai 1951, miezi michache tu baada ya utawala wa Rana kwisha, shule ya St. Xavier's ilifunguliwa Godavari, chini ya mlima Phulchoki, katika jumba ambalo zamani wakubwa walikwenda kupumzikia.

Hebu tufikiri mapadri hao walikubali nini. Nepal ilikuwa ufalme wa Kihindu, na kumgeuza mtu dini kulikatazwa na sheria. Kwa sisi wa Kongo hili ni jambo geni kabisa. Kwetu shule na parokia zilikua kama mapacha: katekisimu ilikuwa somo la asubuhi, na kengele ya darasa ilikuwa ndiyo kengele ya Misa. Hata baada ya serikali kutaifisha shule mwaka 1974, mkataba wa mwaka 1977 ulirudisha shule nyingi mikononi mwa Kanisa, na hadi leo tunaziita shule za mkataba. Huko Godavari hapakuwa na jambo kama hilo. Padri alifundisha hesabu, Kiingereza, sayansi na adabu ya maisha. Misa aliisomea ndani ya nyumba yake, pamoja na wenzake. Hakutazamia ubatizo hata mmoja kuwa malipo ya kazi yake.

Je, hiyo ilikuwa kazi ya Kanisa? Wapo waliouliza swali hilo kwa uchungu, wakisema kwamba mmisionari asiyehubiri ni mwajiriwa tu. Nadhani historia imewajibu. Bwana wetu alipomsimulia mwanasheria habari za Msamaria mwema, hakusema kwamba yule majeruhi aliulizwa dini yake kabla ya kufungwa vidonda, wala kwamba alibadilisha dini baada ya kupona. Mapadri wa Godavari walifundisha kwa sababu watoto walikuwa hawajui, na sababu hiyo iliwatosha.

Padri Moran alikaa Nepal karibu maisha yake yote yaliyobaki, akafariki mwaka 1992. Wengine walimjua kwa sauti yake kuliko kwa uso wake, maana alikuwa na mtambo wa redio ambao kwa miaka mingi ulikuwa karibu wa pekee wa namna yake katika nchi nzima, na kwa mtambo huo aliwasiliana na watu wa dunia yote na kuwasaidia wapanda milima waliopatwa na shida.

Shule ya nani?

Hata hivyo, tusiifanye historia hii kuwa hadithi ya watakatifu tu. Shule ya Godavari, na ile ya Jawalakhel iliyofuata mwaka 1954, zilisomesha kwanza wana wa familia zilizojiweza. Mwaka 1955 masista wa familia ya kitawa ya Mary Ward walifungua St. Mary's kwa ajili ya wasichana, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika nchi ambayo binti alihesabiwa kuwa mali ya nyumba ya mumewe. Lakini hapo pia waliotangulia kuingia walikuwa mabinti wa wenye nafasi. Shule bora ikawa, bila kukusudia, ngazi ya wale waliokuwa tayari juu.

Watetezi wa shule hizo walisema kwamba nchi mpya ilihitaji madaktari, wahandisi na waamuzi mara moja, na kwamba kiongozi aliyelelewa katika haki atawatendea haki maskini. Hoja hiyo ina ukweli wake, na sisi tumeisikia pia katika vyuo vyetu vikubwa vya mapadri. Lakini haki haiteremki yenyewe kutoka juu kama maji ya mvua. Wajesuiti wa Nepal wenyewe walilitambua hilo, na kuanzia miaka ya 1970 baadhi yao walitoka darasani.

Kwa upande mwingine wa nchi, mfano tofauti ulikuwa umekwisha kuonekana. Edmund Hillary wa New Zealand, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alifika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, aliombwa na Washerpa si fedha wala vyeo, bali shule. Mwaka 1961 shule ya Khumjung ilifunguliwa, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na taasisi yake ya Himalayan Trust ikaendelea kujenga shule nyingine nyingi pamoja na hospitali. Hillary hakuwa mtawa. Lakini alifanya mambo mawili ambayo kila mtoaji wa sadaka angepaswa kuyaiga. Alisikiliza kwanza wenyeji wanataka nini, kisha akajenga pamoja nao, kwa mikono yao na mabega yao, hata jengo likawa lao. Aliendelea na kazi hiyo hata baada ya mke wake na binti yake kufa katika ajali ya ndege karibu na Kathmandu mwaka 1975, wakiwa njiani kwenda kuonana naye.

Kutoka darasani kwenda barabarani

Miongoni mwa Wajesuiti waliotoka darasani alikuwa Padri Thomas Gafney, Mmarekani. Aliona barabarani Kathmandu watoto wasio na mlezi, na vijana walioanza kuharibiwa na dawa za kulevya. Akaanzisha kituo cha huduma cha St. Xavier's, ambamo yatima na watoto wa barabarani walipata chakula, malazi na masomo, na walevi wa dawa wakapata matibabu na kazi ya kufanya. Hakutosheka na kufuta machozi. Alisema hadharani juu ya wale wanaofaidika na biashara ya dawa hizo.

Desemba 1997 alikutwa ameuawa nyumbani mwake. Hadi leo hakuna hukumu iliyoeleza ni nani aliyemuua na kwa nini. Kituo hakikufungwa. Kazi iliendelea, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba msingi wake haukuwa mtu mmoja tu. Sisi ambao tumezika mapadri, masista na walei waliouawa kwa sababu walikataa kunyamaza, hatuhitaji maelezo marefu ili kumfahamu ndugu huyu.

Walimu wa kambini

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jaribu jingine lilikuja. Watu wapatao 100,000, wenye asili ya Kinepali, walilazimika kutoka Bhutan, nchi jirani ya Himalaya, wakakimbilia kusini-mashariki mwa Nepal, katika wilaya za Jhapa na Morang. Makambi saba yalijengwa kwa mianzi na nyasi. Kabla msaada haujapangwa vizuri, wakimbizi wenyewe walikuwa wamekwisha kuwakusanya watoto na kuanza kuwafundisha. Caritas Nepal, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilishirikiana na Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi kuchukua jukumu la elimu hiyo. Hiyo ndiyo huduma ambayo Padri Pedro Arrupe aliiasisi mwaka 1980, na ambayo watu wa Masisi na Goma wanaijua.

Walichofanya kinastahili kuzingatiwa. Hawakuleta walimu kutoka mbali na kuwaweka wakimbizi kukaa chini kama wapokeaji. Waliwafunza wakimbizi wenyewe kuwa walimu. Makumi ya maelfu ya watoto walisoma katika shule hizo, na lugha ya Bhutan iliendelea kufundishwa, ili siku ya kurudi, kama ingefika, mtoto asiwe mgeni kwao. Siku hiyo haikufika. Kuanzia mwaka 2007 na 2008 nchi za mbali zilikubali kuwapokea, na zaidi ya 100,000 walihamishwa, wengi wao Marekani. Mara kwa mara mwalimu aliyekwisha kufunzwa aliondoka, na mwingine akafunzwa mahali pake. Mtu angesema ni kama kuchota maji kwa kikapu. Lakini vijana waliofika ugenini na kitabu mkononi walikuwa na kitu ambacho mpaka wala polisi hawakuweza kuwanyang'anya.

Huruma inapogeuzwa biashara

Sasa tufike kwenye upande wa giza, maana bila huo fundisho letu litakuwa nusu. Kati ya 1996 na 2006 Nepal ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu zaidi ya 13,000. Wazazi wa wilaya za mbali, kama Humla, waliogopa watoto wao wasije wakachukuliwa jeshini. Ndipo walipotokea watu wenye maneno matamu, wakawaambia: tupeni mtoto, tutampeleka Kathmandu, huko atasoma. Mzazi aliuza shamba au mifugo, akalipa, akabaki akingoja barua.

Watoto wengi hawakuona shule waliyoahidiwa. Waliwekwa katika nyumba zilizoitwa makao ya yatima, wakatengenezewa karatasi zilizosema kwamba baba na mama wamekufa, ilhali mzazi alikuwa hai, akiulizia habari kwa kila msafiri. Wageni wenye moyo mwema walikuja, wakawaona watoto wamekonda, wakatoa fedha; na kadiri watoto walivyozidi kukonda, ndivyo fedha zilivyozidi kuja. Wataalamu waliochunguza makao hayo waligundua kwamba walio wengi kati ya watoto hao walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Watu wa Nepal na rafiki zao walifanya kazi ya miaka mingi, wakipanda milima kwa miguu wakiwa na picha za watoto, kuwatafuta wazazi na kuwarudishia. Sheria ya watoto ya mwaka 2018 imesema wazi kwamba mtoto apelekwe makaoni pale tu njia nyingine zote zinaposhindikana.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo sadaka yetu inapopimwa. Waliotoa fedha kwa nyumba zile hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa wakristo, nao walitoa kwa furaha. Kosa lilikuwa katika kuangalia uso wa mtoto bila kuuliza habari za mama yake. Mtoto anayesaidiwa peke yake, mbali na nyumba yake, anaweza kugeuzwa bidhaa. Anayesaidiwa akiwa nyumbani mwao, mbele ya macho ya majirani, ni vigumu kumwuza.

Yatuhusu nini?

Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Wanepali 76 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika. Kutoka 5 hadi 76 katika miaka 70 ni safari kubwa, na sehemu kubwa kabisa ya safari hiyo ilitembewa na wanavijiji wenyewe, walimu wao na serikali yao. Kanisa ni dogo mno pale. Mpaka mwaka 2007 ndipo Nepal ilipopata askofu wake wa kwanza, Anthony Sharma, ambaye alikuwa pia Mnepali wa kwanza kuwa Mjesuiti. Hata hivyo mchango wake ulionekana, kwa sababu ulitolewa bila kudai malipo ya kiroho wala ya kimwili.

Lakini shule peke yake haikutosha. Kijana aliyesoma bado anapanga mstari kwenye uwanja wa ndege wa Kathmandu na karatasi ya kazi ya Qatar mkononi. Elimu isiyofuatwa na kazi humfundisha kijana jinsi ya kuondoka. Tunalijua hili sisi pia, tukiwatazama wenye diploma wetu wanaoendesha pikipiki mchana kutwa, au wanaoshuka katika mashimo ya madini. Kama mfuko wetu wa msaada unalipa minervali ya mtoto mpaka diploma kisha unamwaga, tumeijenga nyumba bila kuiezeka.

Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuona haya kuweka watu waaminifu wa kuusindikiza na kuutolea hesabu mbele ya wote. Aliona kwamba ukarimu na uangalifu ni ndugu wa tumbo moja. Wahenga wetu nao walisema kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Tungeweza kuongeza kwamba moyo huo unahitaji macho.

Basi, katika mikutano ya jumuiya zetu mwezi huu, tutafakari pamoja maswali haya:

Watoto tunaowasaidia, je, tunawajua wazazi na walezi wao kwa majina, na tumewahi kukaa nao na kuwauliza wao wenyewe wanahitaji nini?

Je, katika msaada wetu tunamkumbuka mwalimu, ambaye bila yeye karo ya mtoto ni karatasi tu?

Je, tuko tayari kumsaidia mtoto wa jirani asiye wa dini yetu, bila kumtazamia siku moja katika mstari wa wabatizwa?

Na yule kijana aliyemaliza shule mwaka jana kwa fedha yetu, yuko wapi leo, na nani kati yetu anaweza kumfundisha kazi?

Mungu, aliye mwalimu wa watu wote, awape nguvu vijana wa Nepal na wa Kongo, na atupe sisi hekima ya kuwatumikia bila kujitafutia sifa. Amina.